Stesheni, Kituo na Stendi: Visawe vya Neno "Station" na Matumizi Yake ya Kila Siku Manyoni

Msafiri anayeshuka treni Manyoni na kutaka kuendelea na safari kwa basi huelekezwa atoke stesheni aende stendi. Si rahisi kumsikia mtu akimwambia atoke kituo kimoja aende kingine, ingawa kwa fasili za kawaida za kamusi maelezo hayo yangekuwa sahihi, kwa kuwa stesheni hufasiliwa kuwa ni kituo, na stendi nayo vivyo hivyo. Makala haya yanachunguza neno la Kiingereza "station" katika sura zake za Kiswahili, Manyoni ikiwa mahali pa mfano. Mji huu unafaa kwa kazi hiyo kwa sababu Reli ya Kati hupita hapo, tawi la reli la Singida huanzia hapo, na barabara kuu itokayo Dodoma kwenda Singida hupita hapo pia. Hoja yetu ni kwamba maneno haya matatu si visawe kwa maana inayomfaa mtunga kamusi au mfasiri, na kwamba tofauti zao si za kimaana tu bali ni za kisarufi pia.

Tuanze na historia kwa ufupi. Reli ya Kati ilijengwa na Wajerumani. Ilifika Dodoma mwaka 1910, Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Hivyo eneo la Manyoni lilipata reli kati ya mwaka 1910 na 1912, chini ya utawala wa Kijerumani. Hata hivyo, neno "stesheni" halina sauti za Kijerumani. Matamshi ya Kijerumani yangezaa umbo lenye irabu /a/ na /o/, ilhali umbo tulilo nalo lina /e/ ya Kiingereza. Wajerumani walituachia "shule" na "hela". Jengo la treni walituachia, lakini jina lake lilitoka kwa Waingereza, ama kupitia utawala wao wa Tanganyika, ama kupitia reli ya Mombasa iliyoanza kujengwa mwaka 1896. Wakati wa Wajerumani, "station" ya utawala katika eneo hili ilikuwa Kilimatinde, na Waswahili waliiita kwa neno walilokuwa nalo tayari: boma. "Station" ya wamisionari nayo ikawa misheni. Kwa hiyo hata kabla ya stendi za mabasi, dhana moja ya Mzungu ilikuwa imegawanywa na wasemaji katika majina kadhaa.

"Kituo" lina njia nyingine kabisa. Ni nomino iliyonyambuliwa kutokana na kitenzi "tua": kutua mzigo, kutua kwa ndege, kutua kwa jua. Kiambishi ki- na kiishio -o vinaipa maana ya mahali au kitendo cha kutua. Ndiyo maana washairi huita mshororo wa mwisho wa ubeti kituo, na msomaji hutakiwa kuzingatia vituo anaposoma kwa sauti. Upana huu wa maana ndio uliolifanya neno lifae kubeba istilahi za dola: kituo cha polisi, kituo cha afya, kituo cha kupigia kura, kituo cha mafuta, kituo cha redio. Lakini upana una gharama yake. Kituo hakijitoshelezi, huhitaji kivumishi au muktadha. Likiachwa peke yake katika mazungumzo ya kawaida, "kituoni" huelekea polisi. Mtu akimpigia ndugu yake simu na kusema "niko kituoni", swali litakalofuata huenda likawa "umefanya nini?" Akisema "niko stesheni", ataulizwa treni inafika saa ngapi. Sentensi mbili ambazo kamusi ingeziona sawa huibua hofu katika hali moja na subira katika nyingine.

Kwa upande wake, "stesheni" limebanwa na reli kiasi kwamba Manyoni "stesheni ya treni" husikika kama kurudia jambo. "Stendi" limebanwa na mabasi vivyo hivyo. Mahali pa kuuzia mafuta huitwa "sheli", jina la kampuni lililogeuka kuwa nomino ya kawaida, na huitwa hivyo hata pale ambapo kampuni hiyo haipo. Kenya mgawanyo ni mwingine: mahali pa kupandia matatu ni "steji", na "stesheni" huweza kutajwa kwa redio na televisheni, matumizi ambayo Tanzania huyapa neno "kituo".

Jambo lenye utajiri zaidi ni la kimofolojia. Neno "stesheni" huishia na silabi -ni, ambayo kwa bahati inafanana na kiambishi tamati cha mahali. Linganisha:

(1) Niko kituoni.
(2) Niko stesheni.
(3) *Niko steshenini.

Je, wasemaji wamelichanganua upya neno hili, kama walivyofanya kwa "kitabu", ambalo ki- yake ni ya shina la Kiarabu, au "kipilefti", ambalo wingi wake umekuwa "vipilefti"? Jibu rahisi lingekuwa ndiyo. Ushahidi haukubali haraka hivyo. Tunasema "wanajenga stesheni", lakini hatusemi "*wanajenga sokoni" kwa maana ya kujenga soko. Tunasema pia "stesheni imejaa", na "*sokoni imejaa" haikubaliki. Stesheni, basi, bado ni nomino ya ngeli ya I-/ZI-.

Mtu anaweza kupinga kwamba nomino mkopo za mahali kwa jumla huacha kiambishi: niko benki, niko posta, niko stendi. Ni kweli, lakini nyingi hukipokea bila shida: ofisini, hospitalini, shuleni, na, karibu kabisa na mada yetu, relini. Zinazokikataa kwa ukaidi ni zile zinazoishia na -ni: foleni, kantini, misheni, stesheni. Hata maneno yasiyo ya mahali, kama sabuni, huelekea kutumia "kwenye" badala ya kurudia silabi. Tunachokiona ni ukwepaji wa kifonolojia, ambao matokeo yake ni kwamba umbo moja linafanya kazi mbili, nomino na kielezi cha mahali. Hivyo "stesheni imejaa" na "stesheni kumejaa" zote zinakubalika, na msemaji huchagua kulingana na anachokizungumzia, jengo au watu waliomo.

Haya yana matokeo kwa kamusi. Kidahizo "stesheni" kikifafanuliwa kwa neno "kituo" pekee, mwanafunzi mgeni hanyimwi maana tu. Ananyimwa pia taarifa kwamba neno hili halichukui -ni. Mhariri anayebadili kila "stesheni" kuwa "kituo" kwa kisingizio cha usanifu hupoteza upambanuzi ambao wasemaji wameujenga kwa miongo mingi. Shirika la Reli Tanzania limebaki na "stesheni" katika reli mpya ya kisasa, huku mabasi ya mwendokasi ya Dar es Salaam yakiwa na vituo. Kwa maoni yetu, hilo lilikuwa chaguo la busara kuliko mapendekezo mengi ya istilahi. Kidahizo kinachostahili kingetaja reli kuwa sehemu ya maana ya msingi, kingeonyesha upatanisho wa aina mbili, na kingeweka "misheni" na "foleni" karibu kama maneno ya kulinganisha.