Kuomba Ukaazi kwa Njia ya Ndoa Ukiwa Tayari Marekani

Mtu amekuja Marekani kwa viza ya masomo, ya matembezi au ya kazi. Akiwa hapa amekutana na raia wa nchi hii, wamependana na kufunga ndoa halali. Sasa anauliza: je, ni lazima nirudi Dar es Salaam au Nairobi kuomba viza ubalozini, au naweza kuomba nikiwa hapa hapa? Sheria inawaruhusu wengi kuomba bila kuondoka. Hata hivyo, anayeomba akiwa ndani ya nchi hufungamana na mahali alipo mpaka ombi lake liamuliwe. Akitoka bila kibali anaweza kupoteza ombi, fedha alizolipa, na hata miaka kumi ya kuishi pamoja na mwenzi wake. Katika sura hii tunaeleza mambo ambayo msomaji apaswa kuyajua kabla hajajaza fomu wala kumlipa mtu yeyote.

Nani aweza kuomba akiwa ndani

Swali la kwanza linahusu namna ulivyoingia. Je, afisa wa uhamiaji alikukagua na kukuruhusu kuingia? Ushahidi wake ni muhuri katika pasipoti na kumbukumbu ya kuingia iitwayo I-94, ambayo waweza kuipata bure katika tovuti ya serikali. Aliyevuka mpaka bila kukaguliwa, kwa kawaida hawezi kutumia njia hii, hata kama ndoa yake ni ya kweli.

Swali la pili linahusu mwenzi wako. Akiwa raia wa Marekani, ombi lake kwa ajili yako (Fomu I-130) na ombi lako la ukaazi wa kudumu (Fomu I-485) huweza kupelekwa pamoja kwa idara ya uraia na uhamiaji, USCIS. Kwa mwenzi wa raia, kupitisha muda wa viza kwa kawaida hakumzuii kukubaliwa. Lakini isieleweke kwamba aliyepitisha muda ana kinga: kupeleka ombi peke yake hakumpi mtu hadhi halali. Mtu wa namna hiyo yafaa aonane na wakili kwanza. Ikiwa mwenzi wako si raia bali ana kadi ya ukaazi, ile ambayo wengi huiita grini kadi, masharti ni magumu zaidi: lazima nafasi ya viza iwe imepatikana, na kwa kawaida uwe umedumisha hadhi yako wakati wote.

Yapo pia makundi yenye masharti yake. Aliyeingia kwa viza ya mchumba hana budi kufunga ndoa ndani ya siku 90, na awe ni yule yule aliyemwombea. Baadhi ya waliokuja kwa viza ya mabadilishano ya J-1 hutakiwa kwanza kuishi kwao kwa miaka 2 au kupata msamaha wa sharti hilo. Naye aliyemwambia afisa kwamba anakuja kutembea, hali alikwisha kupanga kuoa au kuolewa na kubaki, aweza kuhesabiwa kuwa alidanganya, na uongo huo huweza kumfungia mlango moja kwa moja.

Nyaraka kutoka nyumbani

Cheti kilichoandikwa kwa Kiswahili lazima kiambatane na tafsiri kamili ya Kiingereza, pamoja na tamko la mfasiri kwamba anazijua lugha zote mbili na kwamba tafsiri ni sahihi. Ikiwa wewe au mwenzi wako mliwahi kuwa na ndoa nyingine, onyesheni kwamba ilikwisha kisheria. Hapa watu wa kwetu hukwama. Nchini Tanzania, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka talaka itolewe na mahakama. Karatasi ya talaka iliyoandikwa nje ya mahakama huenda isitoshe. Ndoa iliyofungwa hali ya kwanza bado ipo kisheria haitambuliwi kwa madhumuni haya.

Pamoja na vyeti, kusanyeni ushahidi wa maisha ya pamoja: mkataba wa pango, akaunti ya benki, bima, na picha za miaka na mahali mbalimbali. Mtu akikushauri utafute ndoa ya kununua, mkatae. Ndoa ya hila ni kosa la jinai lenye adhabu ya kifungo cha hadi miaka 5 na faini ya hadi dola 250,000, na humzuia mhusika kukubaliwa kwa ombi lolote la ndoa la baadaye.

Wakati wa kusubiri

Usifanye kazi mpaka upate kibali cha kazi (Fomu I-765), isipokuwa kama hadhi uliyo nayo tayari inakuruhusu. Ukihama nyumba, itaarifu idara ndani ya siku 10, kwa maana barua ya wito wa mahojiano iliyopotea yaweza kuangusha ombi zima.

Zaidi ya yote, usitoke nchini bila kibali cha kusafiri kilichotolewa kabla ya safari (Fomu I-131). Wachache, kama wenye viza za kazi za H-1B na L-1, wana utaratibu wao. Kwa wengine, kutoka ni sawa na kuliacha ombi. Tena, aliyekaa bila ruhusa zaidi ya siku 180 kisha akaondoka aweza kuzuiwa kurudi kwa miaka 3. Akiwa amekaa mwaka 1 au zaidi, kwa miaka 10. Tunajua kwamba simu ya msiba haingoji ombi liamuliwe. Mama akiugua au baba akifariki, moyo husema nenda. Kwa dharura kama hizo waweza kuomba kibali kishughulikiwe kwa haraka. Zungumza na wakili kabla ya kukata tiketi, kwani hata kibali chenyewe hakikuhakikishii kuruhusiwa kuingia tena.

Unayemlipa

Fomu za USCIS hazinunuliwi. Hupatikana bure katika tovuti yake, ingawa idara hutoza ada za maombi. Angalia ada siku ile ile unayopeleka ombi, kwa kuwa hubadilika.

Tahadhari na neno notari. Tanzania na Kenya, notari huwa ni wakili. Marekani sivyo: kwa kawaida notari ni mtu aliyeidhinishwa kushuhudia sahihi tu, na cheo hicho hakimpi haki ya kutoa ushauri wa sheria. Wanaoruhusiwa kukushauri ni mawakili wenye leseni na wawakilishi walioidhinishwa na Wizara ya Sheria ya Marekani wanaofanya kazi katika mashirika yanayotambuliwa. Dai mkataba wa maandishi na stakabadhi, baki na nakala ya kila karatasi, usimwachie mtu pasipoti yako, wala usitie sahihi fomu iliyo tupu.

Naye mwenzi wako asome vizuri Fomu I-864. Kwa sahihi yake anaahidi kukutunza kwa kiwango kisichopungua asilimia 125 ya mstari wa umaskini, na talaka haiivunji ahadi hiyo.

Baada ya kukubaliwa

Ikiwa ndoa haijatimiza miaka 2 siku unapokubaliwa, utapewa kadi ya miaka 2 yenye masharti. Katika siku 90 za mwisho wa muda wake, ninyi wawili mpeleke Fomu I-751.

Mwisho, kwa yeyote anayepigwa au kutishwa kwa maneno kama “nitaliondoa ombi lako”: sheria inamruhusu mwenzi anayenyanyaswa na raia au mkaazi wa kudumu kujiombea mwenyewe kwa siri, bila mnyanyasaji kujulishwa. Karatasi za uhamiaji zisimfanye mtu avumilie kipigo.