Je, Wajua? Likizo Iliyochora Seli
Je, wajua kwamba baadhi ya nyongeza za Cytoscape, programu huria inayochora jinsi jeni na protini zinavyoathiriana ndani ya seli, ziliandikwa na wanafunzi wakati wa likizo? Tangu 2005 kampuni ya Google huwalipa posho wachangiaji wa programu huria kama hiyo kupitia mpango wake wa Summer of Code, kila mmoja akiwa na mshauri mzoefu. Kazi nyingi hazina mbwembwe: kupanga maelfu ya vidoti na mistari visirundikane, kwa mfano. Lakini bila kazi hiyo, mchoro wa jeni za saratani hufanana na nywele zilizokosa kitana, na mtafiti haoni kitu. Tangu 2022 hata asiye mwanafunzi hukubaliwa katika mpango huo, mradi awe ametimiza miaka 18.