"Isiyo na sukari" na "isiyoongezwa sukari": Kijerumani chatofautishaje?

Bidhaa huvuka mpaka wa Uganda na Kenya kutwa nzima, na mkazi wa Busia au Tororo mwenye ugonjwa wa kisukari hana budi kusoma pakiti kabla ya kulipa. Kazi huwa ngumu zaidi anapoletewa zawadi na ndugu aliyeko Ujerumani: juisi, jemu au biskuti zenye maandishi asiyoyajua.

Kijerumani kina sifa kadhaa za kupimia sukari, na nyuma ya zile kuu ipo kanuni ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2006. Zuckerfrei ni kisicho na sukari: hakiruhusiwi kuzidi nusu gramu katika kila gramu 100. Zuckerarm, neno kwa neno "maskini wa sukari", ni chakula kisichozidi gramu 5 katika gramu 100. Kwa kinywaji, kiwango ni gramu 2.5 katika mililita 100. Zuckerreduziert husema tu kwamba sukari imepungua kwa angalau asilimia 30 ikilinganishwa na bidhaa za aina hiyo. Kilichokuwa na sukari nyingi mno chaweza kubaki nayo nyingi.

Panapoponza hasa ni ohne Zuckerzusatz, yaani bila kuongezwa sukari. Juisi halisi ya machungwa hustahili maneno hayo, ilhali kila mililita 100 zina takriban gramu 8 za sukari ya tunda lenyewe. Mgonjwa akiinywa kana kwamba ni zuckerfrei, sukari yake ya damu itapanda.

Kiswahili chaweza kuieleza tofauti hiyo vizuri, ila dukani aghalabu twasema "haina sukari" kwa zote mbili. Wala neno "tamu" halitusaidii, kwa kuwa hata nyama choma ni tamu. Wajerumani nao wana mitego yao: mvinyo wenye sukari kidogo huuita trocken, yaani mkavu. Chai kavu ya kwetu ni ile isiyo na kitafunio, hata ikijaa sukari!

Kwa hiyo geuza pakiti, utafute jedwali la virutubishi. Chini ya Kohlenhydrate, yaani wanga, pameandikwa davon Zucker: "ambamo sukari ni". Tarakimu inayofuata ndiyo gramu za sukari zote, ya asili na ya kuongezwa, katika kila gramu au mililita 100.