Barafu ya Feri Haipozi Tangi la Samaki

Kila kaskazi inapovuma, kuanzia Desemba hadi Machi, wanaofuga samaki wa bahari katika matangi ya vioo wilayani Ilala, iwe sebuleni Upanga, kwenye mapokezi ya ofisi za Posta au katika ghorofa za Kariakoo ambako upepo wa bahari haupenyi, huuliza swali lile lile: iwekwe barafu kiasi gani ili maji yapoe? Swali hilo limekosewa mara mbili, kwanza kwa kudhani kwamba barafu ni dawa na kilichobaki ni kujua kipimo chake, na pili kwa kutosema maji yanatakiwa yashuke hadi nyuzi ngapi. Wengi hulenga nyuzi 24 au 25 za selsiasi kwa kuwa ndivyo kinavyoagiza kijitabu kilichokuja na vifaa kutoka nje, ilhali bahari yenyewe iliyo mbele ya Dar es Salaam hufikia nyuzi 29 hivi mwezi Machi, na samaki aliyetoka humo hana sababu ya kupozwa kana kwamba amehamia Ulaya. Lengo linalofaa kwa Ilala ni nyuzi 27 au 28 zilizotulia, na mpaka usiostahili kuvukwa ni nyuzi 30.

Hata hivyo, wapo wanaoigeuza hoja hiyo na kudai kwamba samaki wa huku wamezoea joto, hivyo hakuna la kuhofia. Kiumbe anayeishi karibu na kikomo cha uvumilivu wake ndiye mwenye nafasi ndogo zaidi ya kuongezewa joto, jambo lililoonekana wazi mwaka 1998, pale maji ya Bahari ya Hindi yalipopanda joto kupita kawaida na miamba ya Mafia na ya Misali, Pemba, ikapauka na sehemu kubwa ya matumbawe yake kufa. Kupauka ni hali ya tumbawe kuwafukuza mwani wadogo wanaoishi ndani ya mwili wake na kulilisha, nayo huweza kuanza pale joto linapozidi kwa nyuzi 1 tu wastani wa mwezi wenye joto kali kuliko yote na kudumu hivyo kwa majuma kadhaa. Kwa samaki tatizo huanzia kwenye pumzi, kwa sababu lita moja ya maji ya bahari yenye nyuzi 25 hubeba takriban miligramu 6.7 za oksijeni, lakini yakifika nyuzi 30 hubeba 6.2 tu, wakati mwili wa samaki katika joto hilo unadai oksijeni nyingi zaidi.

Sasa barafu. Soko la samaki la Feri liko Kivukoni, ndani ya Ilala hiyo hiyo, na kwa kuwa bonge la barafu hupatikana hapo kwa bei ndogo, likavunjwa kwa nyundo na kubebwa kwenye kiroba hadi nyumbani, imani kwamba ndilo tiba ya tangi imeota mizizi hata miongoni mwa watu wanaojua kusoma kipimajoto. Inasahaulika kwamba barafu ya Feri hutengenezwa kwa ajili ya samaki aliyekwisha kufa.

Hesabu yake si ngumu. Ili tangi la lita 200 lishuke nyuzi 1, ni lazima liondolewe takriban kilojuli 820, kilojuli ikiwa ni kipimo cha nishati, na kilo moja ya barafu, kwa kuyeyuka na kisha kupata joto hadi kulingana na maji ya tangi, hufyonza kilojuli 450 hivi. Kwa hiyo kilo 5 zitayashusha maji kwa nyuzi zipatazo 2.7, na mfugaji atafurahi, lakini furaha hiyo haitapita usiku kwa sababu vilivyoyapasha maji moto havijaguswa. Pampu ya wati 50 iliyozamishwa ndani ya maji huishia kuugeuza karibu umeme wake wote kuwa joto humo humo tangini, na kwa saa 24 hutoa kilojuli 4,320, kiasi ambacho kukifuta kwa barafu kungehitaji karibu kilo 10 kila siku, kabla ya kuhesabu taa na hewa ya chumba. Mwenye kiroba cha kilo 5 anashindana na pampu aliyoinunua mwenyewe, na pampu haichoki.

Madhara mengine huja taratibu. Barafu ni maji baridi yasiyo na chumvi, na tangi likiwa limefunikwa, huku maji yanayozidi yakichotwa na kumwagwa, kilo 5 kwa siku zitakishusha kiwango cha chumvi kutoka gramu 35 kwa kila kilo ya maji hadi karibu gramu 31 katika siku 5 tu, badiliko ambalo matumbawe na viumbe wengine wasio na uti wa mgongo hawalistahimili. Barafu iliyogandishwa kwa maji ya bomba huweza kuja na klorini, ambayo huunguza mashavu ya samaki na kuwaua bakteria wa kwenye chujio wanaoibadili amonia, yaani sumu itokanayo na kinyesi, kuwa kitu kisichodhuru sana. Zaidi ya hayo, maji yanayoshuka nyuzi 3 mchana na kupanda tena usiku humchosha samaki kuliko maji yaliyokaa nyuzi 29 juma zima, na samaki aliyechoka ndiye anayeshikwa na ugonjwa wa madoa meupe, ambao mwenye tangi atausingizia maji ya bahari aliyouziwa. Kuiweka barafu ndani ya chupa iliyofungwa huondoa tatizo la chumvi na klorini, lakini hakubadili hata tarakimu moja ya hesabu ya joto.

Linalopoza maji kwa kweli ni uvukizi, yaani kugeuka kwa maji kuwa mvuke, kanuni ile ile inayoyafanya maji ya mtungi wa udongo yawe baridi bila friji. Lita moja ya maji inapovukizwa huondoka na zaidi ya kilojuli 2,400, mara 5 ya kazi ya kilo moja ya barafu, na feni ndogo inayopuliza juu ya uso wa maji, si kwenye kioo kama wengi wanavyoitegesha, hushusha nyuzi 2 hadi 3 kwa umeme mdogo sana. Ina kikomo chake, kwani hewa ya Dar es Salaam yenye nyuzi 32 na unyevu wa asilimia 65 haiwezi kuyapoza maji chini ya nyuzi 26 na nusu hivi, na unyevu ukiongezeka kikomo hicho hupanda. Chumvi haivukizwi, kwa hiyo maji yaliyopungua hufidiwa kila siku kwa maji baridi yaliyochujwa. Anayejazia maji ya bahari anazidisha chumvi, na maji ya visima vingi vya jijini yana chumvi yake tayari.

Yaliyobaki ni ya utekelezaji. Joto lipimwe alfajiri na tena saa 11 jioni, maana kipimo cha asubuhi pekee hudanganya. Kifuniko cha kioo kibadilishwe kwa wavu, taa ziwashwe usiku badala ya mchana, pampu kubwa ibadilishwe kwa ndogo au iwekwe nje ya maji, chakula kipunguzwe, na samaki mpya asiongezwe hadi mvua za masika zinyeshe. Kiyoyozi kikiwepo, chumba kikae nyuzi 26 au 27, kwani hewa kavu huifanya feni ifanye kazi vizuri zaidi. Mashine ya kupozea maji inafaa tu pale joto linalotoka mgongoni mwake linapopata njia ya kutoka nje, la sivyo hukipasha chumba moto na kujirudishia kazi. Anayetaka tumbawe la kufidia lililokufa asilifuate Mbudya wala Bongoyo, visiwa ambavyo maji yake ni hifadhi tangu 1975. Umeme ukikatika, samaki huweza kufa kwa kukosa hewa kabla joto halijawafikia, hivyo pampu ya hewa ya betri iwashwe kwanza, kifuniko kiondolewe, kulisha kusitishwe, na hapo tu, maji yakivuka nyuzi 30, chupa ya lita moja na nusu iliyogandishwa na kufungwa vizuri iachwe ielee juu ya maji mbali na matumbawe, moja kwa wakati, ikijulikana kwamba katika lita 200 kila chupa haishushi hata nyuzi 1.