Kamera za chini ya maji: Mtaji uanze na lenzi na taa

WAFANYABIASHARA wengi wa Isaka wanaifahamu kamera ya harusi, ya kipaimara na ya mahafali. Kamera ya chini ya maji wanaihesabu kuwa mali ya watalii wa Zanzibar. Hata hivyo, kazi ya kupiga picha na video ndani ya maji ipo bara pia, na sehemu yake inafikika kwa urahisi zaidi kutoka Isaka kuliko kutoka Dar es Salaam.

Isaka haiko kando ya maji. Mji huu unajulikana kwa bandari kavu inayopokea mizigo ya Rwanda na Burundi iliyosafirishwa kwa reli. Lakini maji ya Ziwa Victoria yameufikia kwa bomba, yakitoka kwenye chanzo cha Ihelele, wilayani Misungwi, ambacho mradi wake ulianza kuzihudumia Kahama na Shinyanga mwaka 2009. Vyanzo, matangi na visima huhitaji kukaguliwa. Ziwani kwenyewe wapo wafugaji wa sato kwa vizimba. Mwaka 2024 Serikali ilikabidhi vizimba na boti jijini Mwanza kwa utaratibu wa mikopo nafuu. Mfugaji mwenye deni anataka kujua mapema kama wavu umetoboka. Kila siku ya kuchelewa, samaki wanatoka.

Swali kwa mwekezaji mdogo ni moja: anunue vifaa gani ili mtaji wake urudi? Kosa la kawaida ni kuanza na kamera ya bei kubwa, kisha lenzi na taa zikanunuliwa kwa fedha iliyobaki. Mpangilio unaolinda mtaji ni wa kinyume. Maji ndiyo yanayochagua lenzi, lenzi inachagua taa, na kamera inakuja mwisho.

PIMA MAJI KWANZA

Kwa biashara hii, maji ya Afrika Mashariki yanagawanyika katika masoko matatu. La kwanza ni bahari: Mnemba, Pemba na Mafia, ambako hifadhi ya kwanza ya bahari nchini ilianzishwa mwaka 1995. Maji ni ya buluu na, msimu ukiwa mzuri, mzamiaji huona mbali. Wateja ni hoteli, shule za uzamiaji na wageni.

La pili ni Ziwa Tanganyika, lenye kina cha mita 1,470 hivi na maji maangavu. Linasifika kwa samaki wadogo wa rangi wasiopatikana kwingineko duniani. Kutoka Isaka mtu hufika Kigoma kwa reli ya kati kupitia Tabora.

La tatu ni Ziwa Victoria, ambalo ndilo soko la jirani. Maji yake karibu na ufuko ni ya kijani kwa sababu ya mwani, na katika Ghuba ya Mwanza mara nyingi mtu haoni zaidi ya mita moja au mbili. Kifaa kilichopigiwa debe kwa picha za Mafia kinaweza kutoa ukungu mtupu hapa.

Kipimo cha kwanza hakihitaji mtaji. Wataalamu wa maziwa hushusha kisahani chenye upana wa sentimita 20 kwa kamba na kuandika kina kinapopotea machoni. Mfanyabiashara anaweza kutumia sahani nyeupe iliyofungwa jiwe, na kamba yenye alama kila nusu mita. Apime asubuhi na mchana, kiangazi na masika. Namba hizo ndizo zitakazomwambia anunue nini.

Kanuni inayotumiwa na wapiga picha ni kwamba picha safi hupatikana ndani ya robo hivi ya umbali unaoonekana. Kama maji yanaruhusu kuona mita 2, basi kamera isogee hadi nusu mita kutoka kwenye kitu kinachopigwa.

LENZI NDIYO INAYOOKOA MUDA

Mwanga hupinda unapotoka majini kuingia kwenye hewa iliyo ndani ya kasha la kamera. Kwa sababu hiyo kitu kilichoko majini huonekana kama kimesogea karibu kwa robo ya umbali wake, na kasha lenye kioo bapa hupunguza upana wa picha.

Hesabu yake ni hii. Lenzi yenye pembe ya nyuzi 60 hewani, ikiwa nusu mita kutoka kwenye wavu, huona upana wa sentimita 58. Majini, nyuma ya kioo bapa, upana huo hushuka hadi sentimita 41 hivi. Lenzi pana ya nyuzi 100 nyuma ya kioo cha kuba, ambacho huilinda pembe yake, huona karibu sentimita 119 kwa umbali uleule.

Tafsiri yake kibiashara iko wazi. Ukuta wa kizimba wenye upana wa mita 6 utahitaji mapito 15 ya kushuka na kupanda kwa lenzi ya kwanza. Kwa lenzi ya pili yanatosha mapito 6, na kila pito linaingiliana kidogo na jirani yake. Boti ikiwa ya kukodi, tofauti hiyo ni mafuta na mshahara.

Kwa hiyo, kwa kazi ya ziwani lenzi pana ndiyo ya kununuliwa kwanza. Lenzi ya kukuza vitu vidogo, mathalani ya milimita 60 au 100, inafaa kwa mwenye wateja wa baharini au wa samaki wa Tanganyika. Lenzi ya kuvuta vitu vya mbali haina kazi majini, kwani huvuta pia uchafu wote uliopo katikati.

TAA: NYINGI SI NZURI

Maji humeza rangi kwa zamu. Wekundu hutangulia, na katika bahari safi hupungua sana ndani ya mita 5 za kwanza. Ndiyo maana samaki mwekundu hutoka wa kijivu. Taa hurudisha rangi, lakini mwanga wake nao humezwa wakati wa kwenda na wakati wa kurudi, hivyo haufanyi kazi kwa mbali.

Anayeuza picha za mnato anahitaji flashi. Anayeuza video anahitaji taa ya kuwaka mfululizo, ambayo nguvu yake hupimwa kwa lumeni. Anayefanya ukaguzi huuza zaidi video, kwa hiyo fedha ya flashi aiweke kwanza.

Tatizo kubwa la Ziwa Victoria ni chembe zinazoelea. Taa iliyobandikwa pembeni mwa lenzi huangaza chembe hizo moja kwa moja, na picha hujaa madoa meupe mithili ya taa kali ya lori kwenye vumbi. Kuongeza nguvu ya taa huongeza madoa. Dawa ni mikono ya kushikia taa mbili, moja kila upande, mbali na lenzi, zikielekezwa nje kidogo. Mikono hiyo inaweza kuwa na manufaa kuliko kuongeza lumeni.

Wauzaji pia huambatanisha kichujio chekundu. Hicho ni cha maji ya buluu. Kwa maji ya kijani hutumika cha rangi ya zambarau nyekundu, na ikiwa taa ndizo zinazoangaza kitu, kichujio hakihitajiki.

KAMERA NA KASHA LAKE

Zipo ngazi tatu. Ya chini ni kamera ndogo za michezo, kama GoPro, na kamera ngumu za mkononi. GoPro HERO13 Black inastahimili mita 10 bila kasha. OM System TG-7 inastahimili mita 15. TG-7 ilipotoka mwaka 2023 ilitangazwa Marekani kwa takriban dola 550, kabla ya nauli, ushuru na kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 ya Tanzania Bara.

Ngazi ya pili ni kamera ya kubadili lenzi ndani ya kasha. Hapa mnunuzi awe macho, kwani kasha mara nyingi hugharimu sawa na kamera au zaidi, na hutengenezwa kwa modeli moja. Kamera ikiharibika na modeli ikiwa imetoweka sokoni, kasha hubaki pambo.

Ngazi ya tatu ni kamera ya waya yenye skrini, au roboti ndogo ya majini inayoongozwa kwa waya. Kwa tangi, kisima na kizimba, hii ndiyo inayofanana na kazi. Ikumbukwe kuwa mawimbi ya simu na WiFi hayapenyi majini. Kamera inayoonyesha picha kwenye simu dukani hukata mawasiliano ikizama sentimita chache tu.

Kila mita 10 za kina huongeza mgandamizo sawa na wa anga zima. Kinachozuia maji ni oringi, yaani pete ya mpira, na unywele mmoja juu yake unatosha kuua kamera. Kasha jipya au la mtumba lijaribiwe kwanza tupu, ndani ya pipa la maji, kabla ya kuwekewa kitu cha thamani. Anayerudi kutoka baharini aliloweke kwenye maji baridi. Oringi za akiba zinunuliwe siku hiyohiyo ya kununua kasha.

HESABU YA MTAJI

Tuchukue mfano wa mwenye Sh. milioni 6 na soko la ziwani. Mgawanyo wenye tahadhari ni Sh. milioni 2 kwa kamera na kasha, Sh. milioni 2 kwa lenzi na taa, Sh. milioni 1 kwa waya, skrini na vipuri, na Sh. milioni 1 ya akiba isiyoguswa. Ili mtaji huo urudi katika miezi 24, abakiwe na Sh. 250,000 kila mwezi baada ya kulipa boti, nauli na msaidizi. Kama wateja aliozungumza nao hawafikishi kiasi hicho, asinunue. Akodi, au aingie ubia.

USALAMA NA VIBALI

Mtaji mwingine ulioko hatarini ni uhai. Ziwa Victoria liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na majedwali ya kuzamia ya baharini hayatumiki huko bila kurekebishwa. Ufukoni kuna kichocho. Anayeanza ashushe kamera kwa mti au waya akiwa botini, na kuzama awaachie wenye cheti.

Kifaa kinachoingia kwenye tangi la maji ya kunywa kisafishwe kwa klorini, na kisiwe kile kilichotoka ziwani. Barua ya mwenye tangi au kizimba ipatikane kabla ya kazi. Kwa filamu za biashara na kazi ndani ya hifadhi za bahari, vibali viombwe kwa mamlaka husika. Zanzibar ina taratibu zake.

MWELEKEO

Vizimba na matangi: kamera ya waya, lenzi pana, taa mbili za pembeni. Mwenye mteja mkononi anaweza kununua.

Tanganyika: soko la subira. Kamera ngumu ya mkononi na taa moja vinatosha kulipima.

Bahari: ushindani ni mkubwa na wenye mitaji mizito wako tayari visiwani. Mfanyabiashara wa Isaka asianzie huko.

Kwa yeyote kati ya hawa, ununuzi wa kwanza ni sahani nyeupe na kamba.