Fedha Isiyokuwa Fedha: Biashara ya Kisiwa cha Utopia

Katika kitabu cha Kilatini kilichochapishwa Louvain mwaka 1516, Thomas More, mwanasheria Mwingereza, alieleza habari za Utopia, kisiwa cha kubuni chenye miji 54. Humo wenyeji hawatumii sarafu. Watu hufanya kazi saa sita kwa siku, na mkuu wa nyumba huenda sokoni akachukua ahitajicho pasipo kulipa.

Kwa Kiswahili neno fedha lina maana ya madini, na pia ya kitu cha kununulia. Katika Utopia maana hizo mbili zimetengana kabisa. Dhahabu na fedha hufuliwa vyombo vya haja na minyororo ya watumwa (maana watumwa wako), na lulu huchezewa na watoto. Wajumbe wa Anemolia walipoingia na mikufu yao ya dhahabu walidhaniwa watumwa. Watumishi wao wanyonge ndio walioamkiwa kwa heshima.

Hata hivyo, biashara ya ng'ambo ipo, tena kubwa. Ikiisha kuwekwa akiba ya miaka miwili, hupelekwa nje nafaka, asali, sufu na mbao. Fungu moja katika saba hupewa bure maskini wa huko. Mengine huuzwa kwa bei nafuu, aghalabu kwa mkopo unaodhaminiwa na mji wa mnunuzi. Wao hununua chuma, kitu wasicho nacho. Basi madini yanayodharauliwa nyumbani huzidi kurundikana, na madeni hayadaiwi sana, ila hasa vita vikizuka. Hapo hukodiwa Wazapoleti, askari wa ujira, wakatangulizwa penye hatari kuliko pote. Wengi wao hawarudi kudai malipo.