Kibali cha ujenzi si mwisho, ukaguzi ndio unaolinda mtaji

Na Mwandishi Wetu

MFANYABIASHARA anayetaka kujenga fremu za maduka au ghorofa la kupangisha mjini huhesabu mambo matatu: kiwanja, fedha na kibali. Akishakabidhiwa kibali chenye muhuri wa halmashauri, huona kuwa amemalizana na serikali, na kwamba iliyobaki ni kazi yake na fundi.

Lakini hapo ndipo kazi kubwa ya halmashauri inapotakiwa kuanza. Kibali ni ruhusa ya kujenga kilichochorwa, na hakithibitishi kwamba kitakachosimama kiwanjani ndicho hicho.

Nchini Tanzania, vibali vya ujenzi mijini hutolewa na halmashauri za majiji, manispaa na miji. Mwombaji hupeleka michoro ya usanifu, na kwa ghorofa michoro ya uhandisi pia, pamoja na uthibitisho wa umiliki wa kiwanja. Wataalamu huangalia matumizi ya eneo, umbali kutoka mpaka wa jirani, maji taka, njia za kuokolea watu moto ukitokea na uimara wa jengo.

Wapo pia wasimamizi wa taaluma. Bodi ya Usajili wa Wakandarasi (CRB) na Bodi ya Usajili wa Wahandisi (ERB) husimamia wanaojenga na wanaobuni. Ndiyo maana eneo la ujenzi hutakiwa kuwa na kibao kinachomtaja mkandarasi na wataalamu wa mradi.

Kwenye karatasi, basi, ulinzi upo. Tatizo hujitokeza baada ya jalada kufungwa.

Zege likishamwagwa, nondo hazionekani tena. Mkaguzi akifika siku ya pili hawezi kujua kama nguzo ina nondo nane au nne, wala kama ringi zimefungwa kwa nafasi iliyoandikwa kwenye mchoro. Anatakiwa afike shimo la msingi likiwa wazi, kisha kabla ya kumwaga zege la nguzo na la kila ghorofa.

Zege lenyewe hupimwa kwa vipande vya mchemraba vinavyovunjwa maabara, kwa kawaida siku ya 7 na ya 28. Mwenye haraka hataki kusubiri. Hung'oa mirunda mapema na kupandisha ghorofa linalofuata.

Kasoro nyingine ni kuongeza ghorofa. Msingi hupigiwa hesabu ya uzito maalumu, na kila ghorofa la ziada ni mzigo ambao haukuwemo kwenye hesabu hiyo. Machi 29, 2013, jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa katikati ya Dar es Salaam lilianguka na kuua watu 36. Wakati huo ilielezwa kuwa kibali chake kilikuwa cha ghorofa pungufu ya hizo.

Hata jengo la zamani linahitaji jicho la halmashauri linapobadilishwa. Novemba 16, 2024, jengo la maduka liliporomoka Kariakoo na kuua zaidi ya watu 20, wakiwamo wafanyabiashara waliokuwa kazini. Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, aliunda timu ya kukagua majengo ya eneo hilo.

Haikuwa mara ya kwanza. Mwaka 2006 Edward Lowassa, akiwa Waziri Mkuu, naye aliunda tume kuchunguza maghorofa ya Dar es Salaam baada ya jengo kuanguka. Kati ya matukio hayo mawili imepita miaka 18. Tume hukagua kilichokwisha kusimama, wakati gharama ya kurekebisha ni kubwa. Mkaguzi wa halmashauri anayefika kwa wakati husimamisha kosa likiwa bado ni nondo na mbao.

Silaha inayojulikana zaidi mitaani ni alama ya X nyekundu ukutani. Ila mara nyingi X huja kuta zikiwa juu. Mwenye jengo ameshazika mtaji wake wote, kubomoa ni hasara, na hapo ndipo kishawishi cha kumalizana nje ya ofisi kinapopata nguvu. Ukaguzi wa mapema humpunguzia mwenye jengo hasara na humwondolea ofisa majaribu.

Anayejenga anaweza kujilinda. Aiarifu halmashauri kwa maandishi kabla ya kila hatua, na kila taarifa ya ukaguzi aitunze pamoja na hati ya kiwanja. Siku akitaka mkopo au mnunuzi, karatasi hizo zitamsemea.

Mpangaji naye asilipe kilemba na kodi ya mwaka kwa kuangalia vigae na vioo tu. Aulize kibali kinasema ghorofa ngapi, kisha ahesabu zilizopo. Akiona chini ya duka lake panachimbwa, aende halmashauri siku hiyo hiyo.

Halmashauri nazo zinakusanya ada za vibali. Sehemu ya fedha hizo ikimpatia mhandisi usafiri wa kufika eneo la ujenzi kabla ya zege kumwagwa, ada hiyo itakuwa imefanya kazi iliyolipiwa.